Springi za Celestino

Jumanne bei ilikuwa elfu tisini.
Alhamisi, nilipokwisha kuhesabu noti mara mbili mezani,
ikawa laki moja na ishirini,
na muuza spea wa Esquel akainua mabega tu
kama mtu anayeulizwa habari za upepo.
Huku Patagonia, bei na upepo
havikungoji ufunge vifungo vya koti.

Pikapu yetu tumezaliwa nayo mwaka mmoja.
Ukibonyeza kona yake ya nyuma ukaachia
inatakiwa iinuke mara moja, itulie.
Yetu huinuka, huinama, huinuka tena,
mbuzi anayekataa kamba.
Shokamzoba zimelia mafuta hadi zikakauka macho.
Bamba moja la springi limekatika;
baba alilifunga kwa waya wa uzio
akaliita zima.

Mara tatu kwa wiki nampeleka kusafishwa damu.
Kilomita arobaini za kokoto kabla ya kuiona lami,
na kila shimo humwingia kiunoni.
Hasemi.
Hushika kibuyu chake cha yerba kwa mikono miwili,
na nikitazama suruali yake ilivyolowa
najua barabara ilikuwaje.

“Chukua mpya za Brazili,” alisema Idwal fundi,
“zitakuzika.”
Sufu ya kondoo themanini. Tuna hamsini na mmoja.
“Au hizi, za boksi jekundu.”
Rangi ilimeta kama kucha za bi harusi.
Nikakandamiza fimbo ya shokamzoba kwa kiganja;
ikashuka bila ubishi.
Kisichobishana na kiganja changu
kitabishana vipi na mlima?
Rahisi ghali, husema wenye nacho.
Hawasemi ghali ni nini
kwa mtu mwenye kondoo hamsini na mmoja.

Nilitoka nje kuvuta hewa, nikaiona.
Nyuma ya gereji, juu ya matofali, paa limebonyea:
pikapu ya kijani, toleo moja na yetu,
utepe mwekundu bado umefungwa kwenye kioo cha pembeni.
Celestino Huenchual, muuza kuni.
Julai, barafu, kona ya mtoni.
Mwaka juzi alituvuta kutoka thelujini usiku,
akakataa pesa, akaomba mbavu za kondoo,
akazila zote peke yake, amesimama.

“Springi zake ni nzima,” alisema Idwal,
akaangalia viatu vyake.

Nililala chini ya gari la marehemu, mgongo kwenye tope.
Nilihesabu mabamba: saba, saba.
Nikapitisha ukucha ukingoni mwa kila moja kutafuta ufa.
Kutu ya juujuu, si ya moyoni.
Mjane wake alitaka bei ya chuma chakavu
na mbavu. “Alizisifu mno,” alisema.

Basi springi za mtumba.
Shokamzoba mpya mbili za nyuma, zile za kati, zenye ubishi kidogo.
Za mbele zisubiri sufu ya Novemba.
Bushi nilinunua mpya, wala sikuomba kupunguziwa:
mpira wa mtumba ni ahadi ya mlevi.
Idwal alikata bolti za zamani kwa moto.
Jioni tuliishusha jeki, tukarudi nyuma hatua tano.

Imeegemea kushoto.
Si sana. Upana wa vidole viwili.
Idwal alipima, akapima tena, akacheka kwa pua:
“Celestino alikuwa na kilo mia na thelathini.
Miaka ishirini upande ule ule wa usukani.”
Mimi nina hamsini na nne, na buti.
“Nibadilishe, ya kulia iende kushoto?”
Dakika kumi za kazi.
Nikasema acha kwanza.

Jumatatu, kokoto, giza la asubuhi.
Baba kajimiminia yerba hadi ukingoni, makusudi, ananijaribu.
Kwenye kona ya mtoni nilipunguza mwendo.
Kimya. Springi zikapumua.
Alitazama suruali yake. Kavu.
“Gari limelala upande wako,” alisema.
“Umenenepa?”